Jina la Mwanafunzi Litangulie

Ndugu vijana, kila mwaka masomo yanapokaribia kumalizika, wale miongoni mwenu walio katika vyuo vikuu, vyuo vya ualimu na vya uuguzi hushikwa na swali moja: ni profesa gani aongoze kazi yangu ya mwisho? Majibu mnayopeana ni ya namna tatu. Wako wanaomtafuta mwenye jina kubwa, wakitumaini kwamba jina hilo litawafungulia milango. Wako wanaomtafuta mpole, yule asiyesoma kurasa zote. Tena wako, nao si wachache, wanaomtafuta yule ambaye bei yake inajulikana.

Ni nadra kumsikia kijana akiuliza: profesa huyu mwenyewe hufanyaje utafiti wake, na wale aliowaongoza kabla yangu wako wapi leo? Maswali hayo mawili ndiyo ningependa yatangulie. Na ili tusizungumze hewani, nitachukua mfano wa mtu mmoja wa nchi yetu ambaye kazi yake iko wazi mbele ya dunia, hata yeyote aweza kuipima: Profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum. Kanuni zake tutazisoma katika matendo yake.

Muyembe alizaliwa mwaka 1942 katika eneo la Kwilu. Alisomea tiba katika Chuo Kikuu cha Lovanium, kile kilichoanzishwa mwaka 1954 na Wakatoliki wa Louvain kwenye vilima vya Kinshasa, mji uliokuwa bado ukiitwa Léopoldville. Kisha akaenda Leuven, Ubelgiji, kusomea elimu ya virusi hadi shahada ya juu kabisa. Aliporudi nyumbani hakukuta maabara ya aina ile aliyoizoea Ulaya. Wengi wetu tungeandika barua ya kuomba kurudi tulikotoka, na hakuna ambaye angetulaumu. Yeye alibaki, akafundisha chuoni, akawa mkuu wa kitivo cha tiba, na elimu yake akaipeleka mahali magonjwa yalipo.

Mwezi wa Septemba 1976 zilifika Kinshasa habari kwamba watu wanakufa kwa homa isiyojulikana huko Yambuku, misioni ya Wakatoliki katika eneo la Bumba, jimbo la Équateur, yenye hospitali iliyoendeshwa na masista kutoka Ubelgiji. Serikali ilimtuma Muyembe pamoja na daktari mwenzake. Jioni waliyofika, hospitali ilikuwa karibu tupu. Wagonjwa walikuwa wamekimbia. Kesho yake asubuhi watu walirudi, maana walisikia kwamba waganga wa Kinshasa wamekuja na dawa. Muyembe alianza kuwapima na kuwatoa damu kwa mikono mitupu, kwa sababu hakukuwa na glavu. Aliona jambo ambalo hakulizoea: alipochomoa sindano, damu iliendelea kutiririka kwenye tundu dogo la ngozi, ikamlowanisha vidole. Alinawa kwa maji na sabuni. Hakuna mwalimu atakayewashauri kumwiga katika hilo, lakini ni kwa kuona damu ile isiyoganda alipoanza kuelewa kwamba huu si ugonjwa uliozoeleka pale. Alichukua pia vipande vya maini ya marehemu ili vichunguzwe. Na sista mmoja aliyekuwa ameanza kushikwa na homa alikubali kusafiri naye hadi Kinshasa, ambako alifariki. Damu iliyotoka katika kundi lile la wagonjwa ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, ndani ya thermosi, na kutoka hapo mpaka Marekani, na virusi vipya vikatambuliwa.

Kanuni ya kwanza basi ni kwenda kuona. Inaonekana rahisi mno kuandikwa katika ukurasa wa tafakari. Lakini hebu fungua kazi kumi za kumaliza masomo zilizo katika maktaba ya chuo chako, zile zinazohusu malaria, au utoro wa wanafunzi, au kilimo cha mihogo. Ni ngapi ambazo mwandishi wake alikaa hata siku tatu pamoja na mgonjwa, mtoto mtoro au mkulima? Nimesoma kazi juu ya shule za kijijini ambayo ilinukuu waandishi wa Québec kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na hakuna mahali palipoandikwa jina la kijiji kimoja wala idadi ya madawati katika darasa moja. Ilipata alama nzuri.

Yambuku inatufundisha jambo jingine, nami nalisema kwa heshima, kwa kuwa linawagusa watu waliotoa maisha yao. Tume ya kimataifa iliyochunguza mlipuko ule ilieleza kwamba kila asubuhi wauguzi wa hospitali walipewa sindano tano tu kwa wagonjwa wote wa siku hiyo. Kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa katika maji ya uvuguvugu. Akina mama wajawazito waliokuja kupimwa walichomwa kwa sindano hizo hizo. Ugonjwa ukapita katika njia ile ile ya huduma. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa, na baadhi ya masista walikufa pamoja na wagonjwa wao.

Hapa hapakukosekana upendo. Masista wale waliacha nchi yao, wakaishi msituni, wakazalisha, wakafunga vidonda, wakafa. Walikosa mtu wa kusimama kando na kuuliza: kwa nini wanaougua zaidi ni wale waliopita kwetu? Sisi watu wa parokia huwa tunafikiri kwamba nia njema inatosha, na kwamba hesabu, daftari na maswali ni mambo ya watu wa ofisi. Tunaanzisha kituo cha afya, shule ya jioni, mradi wa mbuzi, na baada ya miaka mitano hakuna aliyeandika hata ukurasa mmoja wa kuonyesha kama watu wamepona, wamejua kusoma, au mbuzi wamezaana. Kumpenda mgonjwa na kuhesabu sindano ni kazi moja, na anayezitenganisha anaweza kuua bila kujua.

Nipite haraka juu ya jina la ugonjwa, ingawa lina funzo lake. Watafiti wangeweza kukiita kirusi kile kwa jina la kijiji, kama ilivyofanyika kwa Lassa nchini Nigeria. Waliamua kutumia jina la mto Ebola, ulio mbali kidogo, ili watu wa Yambuku wasibebe aibu hiyo duniani pote. Mtafiti anaposhika kalamu huwa ameshika pia heshima ya watu ambao hawatasoma kitabu chake. Kijana anayeandika juu ya mabinti wa mtaa fulani waliopata mimba shuleni, akaweka jina la shule, mwaka na darasa, amekwisha kuwataja mbele ya kila jirani.

Sasa nifike penye uzito. Kwa miaka mingi simulizi iliyoenea duniani juu ya kugunduliwa kwa Ebola ilianzia Antwerp, pale thermosi ilipofunguliwa. Wazungu waliokuwepo walitajwa kwa majina. Yule aliyeshika mikono ya wagonjwa kabla ya wote, na kutoa damu bila glavu, alitajwa kidogo au hakutajwa kabisa. Ni katika miaka ya karibuni tu haki yake ilipoanza kurudishwa. Mwaka 2019 Japani ilimpa Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi, na wengi wanaoandika habari hizi leo humtaja kati ya wagunduzi.

Mtu aliyetendewa hivyo ana njia mbili za kujibu. Ya kwanza ni kufanya vivyo hivyo kwa walio chini yake. Tumeiona hiyo mara nyingi. Mwalimu aliyechapwa alipokuwa mtoto huchapa. Asistenti aliyebebeshwa mikoba ya profesa wake kwa miaka kumi, siku akipata uprofesa hutafuta wa kumbebesha. Kijana ambaye makala yake ilichapishwa kwa jina la mkubwa wake hungoja zamu yake ya kula jasho la wengine. Njia ya pili ni kujenga nyumba ambamo dhuluma ile haitarudiwa kwa urahisi.

Muyembe alishika ya pili. Taasisi ya Kitaifa ya Utafiti wa Tiba, INRB, iliundwa mwaka 1984, naye ameiongoza tangu 1998. Mlipuko mkubwa ulipoingia Kivu ya Kaskazini na Ituri mwaka 2018, alishika msimamo kwamba sampuli za Wakongo zichunguzwe na kutunzwa Kongo, na wageni wenye nia ya kuzisoma waje wakae mezani pamoja na watafiti wa hapa. Mwaka 2020 majengo mapya ya taasisi hiyo, yaliyojengwa kwa msaada wa Japani, yalifunguliwa Kinshasa. Wako waliosema kwamba huo ni ubinafsi wa kitaifa, na kwamba virusi havina pasipoti. Ni kweli havina. Lakini mwanafunzi wa Kinshasa anayo, tena mara nyingi hunyimwa viza. Sampuli ikienda Ulaya, yeye hawezi kuifuata. Kuiacha sampuli nyumbani ni kumwachia kijana kitu cha kujifunzia.

Jambo la tatu, nalo ndilo lililonifanya nichague mfano huu kwa wasomaji wa mashariki, ni namna alivyotafuta dawa. Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit, watu 315 wakaugua. Sita kati ya waliokufa walikuwa masista Waitalia wa shirika la Poverelle. Muyembe na madaktari wenzake Wakongo waliwaza hivi: aliyepona ana kitu katika damu yake kinachoshinda ugonjwa, je, tukimpa mgonjwa damu hiyo? Waliwaongezea damu ya waliopona wagonjwa wanane. Saba walipona. Katika ugonjwa ulioua karibu wanane kati ya kila kumi, hesabu hiyo ilikuwa kama ufufuko.

Hata hivyo wataalamu wa nje walisita, na tusiwaone wabaya kwa hilo, kwa sababu hoja yao ilikuwa na nguvu. Wagonjwa wale wanane walitunzwa vizuri kuliko waliotangulia, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kupita siku za hatari zaidi. Hapakuwa na kundi la pili la kulinganisha nalo. Je, ni damu iliyowaponya, au matunzo, au wakati? Watu wanane hawatoshi kujibu.

Hapo ndipo mtafiti hupimwa. Mwenye kiburi angetangaza dawa yake redioni, na nchi yetu haina upungufu wa watangazaji wa namna hiyo. Wazo la Kikwit halikutupwa wala halikuuzwa, lilirudishwa kazini. Miaka 11 baada ya mlipuko ule, waliopona Kikwit walitolewa damu tena, na kutoka kwa mmoja wao watafiti wa Marekani wakishirikiana na Muyembe walipata kingamwili iliyoitwa mAb114. Mwaka 2016 matokeo ya maabara yalichapishwa. Na mwezi wa Novemba 2018, katikati ya vita na hofu, jaribio lenyewe likaanza kwetu: Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Liliitwa PALM, herufi zilizotolewa katika maneno ya lugha yetu hii, Pamoja Tulinde Maisha.

Wengi wenu mnakumbuka miezi ile. Vituo vya Katwa na Butembo vilichomwa moto mwezi wa Februari 2019. Mwezi wa Aprili daktari Mkameruni, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali moja ya Butembo. Na maneno yaliyozunguka sokoni na hata nje ya makanisa yalikuwa kwamba watu wanafanyiwa majaribio kama panya. Neno hilo linahitaji jibu la kweli, kwa sababu lina chembe ya haki ndani yake: katika historia ya Afrika watu wamewahi kufanyiwa majaribio pasipo idhini yao.

Jaribio la PALM lilikuwa na dawa nne. Mgonjwa, au mzazi wake, alielezwa na kuombwa ridhaa, kisha dawa atakayopata iliamuliwa kwa kura. Hakuna aliyepewa maji matupu. Dawa ya kulinganishia, ZMapp, ilikuwa ndiyo iliyodhaniwa bora wakati ule. Kura hiyo iliwachukiza wengi. Waliuliza ni daktari gani anayecheza bahati nasibu na mtoto wa mtu. Lakini fikiria kinyume chake. Kama daktari angechagua mwenyewe, angempa dawa anayoiamini yule aliyefika mapema, au mtoto wa anayemjua, na mwisho wake tungebaki na mashaka yale yale ya Kikwit kwa miaka mingine 20, tukizika. Kura iliondoa upendeleo. Na kulikuwa na kamati iliyokaa kando, ikiangalia hesabu, yenye mamlaka ya kusimamisha kazi mara ukweli ukionekana. Tarehe 9 Agosti 2019, baada ya kuangalia matokeo ya wagonjwa 499, kamati ikasema basi: dawa mbili zinaokoa zaidi, nazo ndizo wagonjwa waliofuata wapewe. Jumla ya walioshiriki walikuwa 681. Waliopewa ZMapp walikufa karibu 50 kati ya 100. Waliopewa ile iliyotoka katika damu ya mtu wa Kikwit, karibu 35. Na kwa wale ambao virusi vilikuwa bado vichache mwilini, karibu mmoja kati ya kumi. Kutoka wagonjwa wanane hadi 681 kulipita miaka 24.

Sasa tazameni ukurasa wa kwanza wa makala iliyotangaza matokeo hayo katika jarida la tiba la New England, mwaka 2019. Jarida hilo husomwa na madaktari wa dunia nzima, na kwa watu wa sayansi nafasi ya jina la kwanza ni ya yule aliyebeba kazi. Jina la kwanza pale ni Sabue Mulangu, daktari Mkongo, mtafiti wa INRB, wa kizazi cha wanafunzi wa Muyembe. Yule mzee alikuwa na miaka 77 wakati huo, tena Rais wa Jamhuri alikuwa amemkabidhi mwezi wa Julai uongozi wa mapambano yote dhidi ya mlipuko. Katika desturi tuliyoizoea, nani angeshangaa kama jina lake lingetangulia?

Kijana mwenye akili anaweza kunijibu: Mwalimu, umetwambia ameongoza taasisi hiyo tangu 1998. Je, huyo ndiye unayemsifu kwa kuachia wengine nafasi? Pingamizi hilo ni la haki, na mimi nisingependa tulikwepe kwa sababu ya nywele nyeupe. Katika nchi yetu mkuu asiyeondoka ni ugonjwa wa maofisi, wa vyama, na hata wa kamati zetu za parokia. Hata hivyo natofautisha kiti na kazi. Wako wanaoondoka kitini mapema, na nyuma yao hakuna hata mmoja aliyefunzwa. Wako wanaokaa muda mrefu na kila mwaka anatoka mikononi mwao mtu mwingine awezaye kusimama. Ningependa yote mawili, kiti kiachwe na watu wafunzwe. Lakini nikilazimishwa kuchagua, nitamchagua anayefunza.

Tugeukie upande wenu, kwa maana si vizuri kuwasema maprofesa peke yao. Karibu na vyuo vyetu kuna vibanda vya fotokopi ambamo memwari huuzwa. Unaleta kichwa cha habari, unalipa kwa awamu, na baada ya majuma kadhaa unapokea kurasa 80 zenye shukrani kwa wazazi ambao mwandishi hawajui. Siku hizi wengine hawaendi hata kibandani. Programu ya simu inawaandikia kwa usiku mmoja. Nimesikia vijana wakijitetea kwamba ni karatasi tu, inayofunga mlango wa masomo ili mlango wa kazi ufunguke.

Nayajua mashaka yao. Karo ni nzito, umeme hukatika, profesa hulipwa kidogo na kwa kuchelewa, naye huongoza wanafunzi 60 kwa wakati mmoja. Lakini hebu rudini Yambuku mkafikirie juu ya muuguzi na sindano zake tano. Muuguzi aliyenunua kazi yake ya mwisho hajawahi hata mara moja kujiuliza swali na kulitafutia jibu kwa juhudi zake. Siku akiona katika kituo chake cha afya wagonjwa watatu wenye dalili zisizofanana na kitabu, ataandika malaria. Amefundishwa kwamba kinachotakiwa ni karatasi iliyojaa. Gharama ya memwari ile italipwa na mtu mwingine, labda mama mjamzito kutoka kijiji cha jirani.

Na profesa anayejua kwamba kazi imenunuliwa, akaitia sahihi? Huyo ameuza kitu kisichokuwa chake. Mnapomchagua kwa sababu bei yake inajulikana, msijidanganye kwamba mmechagua mlezi.

Limebaki jambo moja ambalo vijana wa Kikatoliki hunong'ona tu: je, inaruhusiwa kumpinga mwalimu? Tumelelewa kwamba mtoto hajibizani na mkubwa. Nami nawalea watoto wangu hivyo hivyo, katika mambo ya nyumbani. Katika kutafuta ukweli mambo ni mengine, na Kanisa letu la Kongo lina ushahidi wake.

Mwaka 1960, miezi michache kabla ya uhuru, kitivo cha teolojia cha Lovanium kiliandaa mjadala wa hadhara. Upande mmoja alisimama mkuu wa kitivo mwenyewe, Padri Alfred Vanneste, Mbelgiji. Upande wa pili alisimama mwanafunzi wake, Tharcisse Tshibangu, kijana wa miaka 26 hivi. Swali lilikuwa kama inawezekana kuwa na teolojia yenye rangi ya Kiafrika. Mwanafunzi alisema ndiyo: namna Waafrika wanavyofikiri na kuishi inaweza kuwa udongo ambamo fikra ya imani inaota. Mwalimu alisema tutafute kwanza teolojia ya kweli, iliyo moja kwa watu wote; kukimbilia rangi ni kujifungia nje ya mazungumzo ya dunia. Hakuna aliyemdhihaki mwenzake. Hoja zao zote mbili zilichapishwa mwaka huo huo katika jarida la mapadri wa Afrika, kila mmoja kwa jina lake.

Fikirieni hatari aliyoichukua kila mmoja. Mwanafunzi alikuwa bado mikononi mwa yule aliyempinga, na alama zake zilitoka huko. Mwalimu, kwa upande wake, Mzungu katika koloni lililokuwa linafikia mwisho wake, angeweza kuifunga midomo ile kwa barua moja kwa askofu. Badala yake alimpa jukwaa. Mimi, nikisoma hoja zao leo, namwona Tshibangu aliona mbali zaidi. Lakini onyo la Vanneste halikuwa la kipuuzi, na mengi yaliyoandikwa baadaye chini ya jina la Afrika yangefaa kulisikiliza. Mjadala ule ulizaa vitabu vingi katika bara zima. Na Tshibangu hakuvunjika: miaka michache baadaye alikuwa rekta wa chuo kile kile, kisha askofu msaidizi wa Kinshasa na baadaye askofu wa Mbujimayi, hadi alipostaafu, amefariki mwaka 2021.

Kwa hiyo, wewe unayejiandaa kuandikisha kichwa cha kazi yako mwaka huu, kabla ya kubisha mlango wa profesa, pita kwanza maktaba. Tafuta kazi alizoziongoza miaka mitano iliyopita. Soma mbili mpaka mwisho, uone kama zinafanana neno kwa neno, na kama mwandishi alifika mahali anapopasimulia. Angalia makala za profesa mwenyewe, kama majina ya wanafunzi wake yamo, na yako mstari wa ngapi. Kisha watafute wawili au watatu aliowaongoza. Kwa kawaida hawako mbali, wako katika kituo cha afya, shuleni, au nyuma ya duka la simu. Waulize kama aliwasomea kurasa zao na kuwarudishia zikiwa na wino wake. Na ukimpata mmoja ambaye aliwahi kumpinga, kaa naye muda mrefu zaidi, akusimulie kilichofuata.